Uzi maalum: Vazi la haramia wa kweli (miaka ya 1715 hivi) kwa mnaopanda jukwaani kwenye matamasha. Anzeni na shati, mabuti yasubiri

Bizimu:

Wakuu salaam. Kila msimu wa matamasha ukikaribia naona watu wanaulizia vazi la haramia na majibu ni yaleyale, nunua mabuti makubwa yaliyokunjwa juu, funga kitambaa chekundu kiunoni, bandika kiraka jichoni, kazi imeisha. Hilo ni vazi la sherehe ya watoto, halina ubaya wowote, ila kama unapanda jukwaani unarusha upanga, unaimba, unakimbizana na wenzako katikati ya umati toka asubuhi mpaka jua linazama, litakuangusha kabla ya onyesho la pili. Polista inapika mwili, mabuti yanateleza, na lile koti la kukodi ukinyanyua mkono tu linaachia kwapani mbele za watu.

Mi nasema hivi: mvae baharia kwanza, nahodha atakuja baadae. Haramia wa miaka ile alikuwa baharia wa meli za mizigo au za jeshi ambaye amehama upande, nguo zake ni za mtu anayepanda mlingoti na kuvuta kamba siku nzima. Zilikatwa kwa ajili ya mwili unaohangaika, ndo maana ukizishona vizuri zinafanya kazi jukwaani kuliko kitu chochote utakachonunua kimeshonwa tayari.

Kuhusu mabuti tumalizane hapahapa. Yale ni ya mpanda farasi. Juu ya sitaha iliyolowa ukiwa na buti linalofika pajani lenye mdomo kama ndoo, ukidondoka baharini linajaa maji unaenda nalo chini. Sura ya haramia tuliyoizoea wengi ilichongwa sana na mchoraji mmoja wa Marekani, Howard Pyle (1853-1911), alichukua mambo ya mavazi ya Kihispania, vitambaa vya kichwani, mishipi mipana ya kiunoni, hereni, akawavalisha maharamia wake, picha zikapendeza kweli, watu wa filamu wakapita njia hiyohiyo na sisi tukafuata nyuma.

Sasa baharia alivaa nini? Bahati nzuri kuna karatasi. Mwaka 1706 jeshi la majini la Uingereza liliingia mkataba wa nguo za mabaharia wake na kila kitu kimeorodheshwa mpaka vifungo: jaketi la sufu la kijivu lenye bitana nyekundu ya pamba na vifungo 15 vya shaba, kizibao chekundu chenye vifungo 18 vya shaba, mashati ya kitani ya drafti za bluu na nyeupe, soksi za sufu za kijivu, kofia za ngozi, viatu vya soli mbili vyenye ncha ya duara na bizimu za shaba. Soma tena hiyo orodha. Rangi zipo, tena kali, sio ile kahawia na nyeusi ya kuanzia kichwani mpaka miguuni inayovaliwa na kila mtu kwenye matamasha mpaka kundi zima linaonekana kama gunia moja limekatwa vipande.

Shati ndo moyo wa vazi zima. Tafuta kitani, wengine mnaita lineni, uzito wa kati, kama mita 3 za kitambaa kipana zinatosha mtu mzima wa kawaida. Ukikosa kitani pamba tupu inasogea. Shati la wakati ule limekatwa lote kwa mistatili na miraba, hakuna mkunjo wa mkasi kwenye bega wala kwenye shimo la mkono, kitambaa kilikuwa mali kwahiyo hakuna kinachotupwa. Mwili ni kipande kimoja kirefu kinachokunjwa mabegani, kinashuka mbele na nyuma mpaka katikati ya paja. Unapasua shimo la kichwa kwa umbo la herufi T, ule mpasuo wa kifuani unaishia juu ya tumbo, shati linavaliwa kwa kupitia kichwani. Shati la kufunguka mbele lote mpaka chini ni la zama zingine kabisa.

Alafu kwapani, hapa naomba mnisikilize vizuri sababu ndipo onyesho linapovunjika au kupona. Kata mraba wa kama sentimita 13 kila upande, ukiwa na nafasi ya mshono ndani yake. Shona kingo mbili zinazokutana kwenye kona moja ziungane na mkono wa shati, zile mbili zilizobaki ziungane na ubavu wa mwili, mraba unakaa umelala umbo la almasi chini ya kwapa. Mkono ukiwa chini huo mraba unajikunja hauonekani. Ukiinua upanga juu ya kichwa unafunguka, na shati halivutwi toka kiunoni hata kidogo. Jaribu mbele ya kioo: inua mikono yote miwili, kama pindo la shati limepanda zaidi ya upana wa vidole viwili, mraba wako ni mdogo, fumua weka mkubwa. Mkono wenyewe uwe mpana, unakusanywa kwa mikunjo midogomidogo begani na kwenye kifundo cha mkono, unaishia kwenye ukanda mwembamba unaozunguka kifundo wenye kifungo kimoja.

Juu ya shati kizibao, juu ya kizibao jaketi fupi. Chini una njia mbili. Kuna suruali za magotini, za wakati huu zinafungwa mbele kwa vifungo katikati (ule mlango mpana wa mbele unaoshuka kama kifuniko ulikuja baadae), na nyuma makalioni zina kitambaa kingi kinachoning'inia. Msikipunguze wakuu! Watu wanaona kama mshono mbovu wanakikata, kumbe ndo kinachokuruhusu kuchuchumaa na kupanda ngazi bila kusikia "praaa". Njia ya pili ni suruali pana za turubai zinazoishia juu ya kifundo cha mguu, hizi kwa anayeanza ni rahisi mno, ni mirija miwili na mkanda wa kiuno.

Mengine nitaongezea mkiuliza. Uzi uko wazi.

SindanoButu:

Uzi mzuri mkuu, nimeusoma mpaka mwisho. Sema mi kwenye kundi letu ndo nahodha, sasa ukiniambia nivae jaketi la kijivu watazamaji watanijuaje? Watu wanakuja kuona nahodha mwenye manyoya kofiani.

Bizimu:

Mkuu SindanoButu, manyoya yapo na ushahidi upo, tulia. Nahodha wa maharamia Bartholomew Roberts alipouawa tarehe 10 Februari 1722 karibu na rasi ya Lopez, pwani ya Gabon ya sasa, akipigana na meli ya kivita ya Uingereza, maelezo yaliyochapwa London miaka miwili baadae yanasema alikuwa amevaa kizibao na suruali ya magotini vya hariri nzito nyekundu ya maua, unyoya mwekundu kofiani, mkufu wa dhahabu wenye msalaba wa almasi shingoni, upanga mkononi na bastola jozi mbili zimening'inia kwenye mshipi wa hariri uliopita begani. Hilo ni vazi la nahodha mwenye uwezo wake na hamna buti hata moja humo ndani.

Na jinsi lilivyopatikana ni faida kwako. Kwenye sheria za meli yake mwenyewe, meli ikitekwa, mabaharia waliokuwa zamu ya kuipanda walikuwa na haki ya kuchukua nguo za kubadilisha nje ya mgao wao wa kawaida. Kwahiyo haramia ni mtu mwenye shati la kazi lililofubaa na juu yake kizibao cha bwana mkubwa ambacho hakikukatwa kwa ajili yake. Hapo ndo unapata picha! Nahodha wako mshonee kizibao kimoja cha fahari, kirefu mpaka juu kidogo ya goti, kitambaa kinachong'aa, kila kitu kingine kibaki cha baharia. Mtazamaji aliyekaa nyuma kabisa atajua nani mkubwa. Ukimvika fahari juu mpaka chini anaonekana mtu wa ikulu aliyepotea njia.

Ushahidi mwingine wa huo mchanganyiko: meli ya Whydah iliyozama Cape Cod, pwani ya Marekani, tarehe 26 Aprili 1717, mabaki yake yalipatikana mwaka 1984, na kati ya vitu vilivyotoka kulikuwa na kiatu kidogo na soksi ya hariri. Hariri mguuni juu ya meli ya maharamia, kwahiyo soksi ndefu nyeupe zinazopanda juu ya goti msizionee aibu.

KofiaTatu:

Naomba kuchangia upande wa kofia sababu ndo kitu nachotengeneza. Msinunue ile ya plastiki iliyokunjwa kiwandani yenye fuvu mbele, fuvu lilikuwa la bendera. Chukua kofia ya felti ya sufu yenye ukingo mpana wa duara, weka juu ya mvuke wa birika mpaka ilainike, kunja ukingo pande tatu, shikiza kila upande na pini, alafu ukishapoa shona kwa uzi mzito mishono miwili mitatu tu kila upande. Msigandishe kwa gundi ukingo wote mpaka uwe kama ubao, uache ucheze kidogo. Na kwa mtu anayepigana jukwaani nawashauri pembe ya mbele isishuke machoni, nimeshuhudia mwenzetu anapigana na kivuli sababu kofia imemziba. Kama kuna upepo weka uzi mwembamba wa kupita nyuma ya kichwa chini ya nywele, hauonekani.

Pia si lazima kila mtu avae ya pembe tatu. Kofia ya kufumwa ya sufu, ile ya duara iliyobana kichwa, mabaharia waliivaa sana na ukiruka haidondoki.

Mama wa Ngalawa:

Nashukuru sana kwa haya madini jamani. Swali langu, sisi wanawake kwenye kundi tunapewa kile kibana kiuno cha nje juu ya shati na sketi imepandishwa upande mmoja, mi binafsi nashindwa kupumua nikiimba. Kuna kitu cha kihistoria nivae ambacho sio hicho?

Bizimu:

Dada yangu swali lako ndo zuri kuliko yote na jibu lake lilitolewa mahakamani. Maharamia wawili wanawake, Anne Bonny na Mary Read, walihukumiwa Jamaica tarehe 28 Novemba 1720, na shahidi mmoja mwanamke, Dorothy Thomas, ambaye mtumbwi wake uliporwa, alieleza alichokiona: walivaa majaketi ya kiume, suruali ndefu, na leso wamejifunga vichwani, kila mmoja ana panga na bastola mkononi. Alisema aliwatambua kuwa wanawake kwa ukubwa wa matiti yao, yani nguo zenyewe zilikuwa za baharia tu.

Kwahiyo kitambaa cha kichwani unacho kwa ushahidi wa kiapo, wanaume wa humu ndo waombe ruhusa. Wewe vaa shati, suruali pana, jaketi fupi, leso. Kibana kiuno wakati ule kilikuwa nguo ya ndani, kukivaa juu ya shati ni mtindo wa sasa. Kama mkurugenzi wenu anang'ang'ania umbo, mwambie kizibao kikatwe vizuri kiunoni na mgongoni kipitishiwe kamba ya kukaza, utaonekana mwanamke bila kubanwa mbavu na sauti itatoka.

Kasuku_Bubu:

Kwahiyo kiraka cha jicho nacho unatunyima? Mi nimesoma kwamba kilikuwa cha kuzoesha jicho moja giza ili ukishuka chini ya sitaha unaona fasta. Na kasuku je 😂

Bizimu:

Kasuku wapo, mabaharia walirudi nao toka nchi za joto wakawauza, ila ndege hai kwenye makelele ya ngoma na baruti ni kumtesa, shona wa kitambaa.

Kiraka: hiyo hadithi ya giza inavutia lakini hakuna maandishi ya wakati ule yanayosema hivyo. Mi nakikataa kwa sababu nyingine kabisa. Jicho moja likizibwa huwezi kupima umbali, na mnarushiana mapanga. Kama lazima kiwepo, mpe mhusika asiyepigana, au tengeneza cha wavu mweusi anachoona kupitia. Ndoano ya mkono na mguu wa mti hivyohivyo. Ulemavu ulikuwepo kweli, sheria za meli ya Roberts ziliweka fidia ya sarafu 800 za fedha kwa aliyepoteza kiungo kazini, sema mguu wa mti jukwaani unamkunja mtu goti muda wote, baada ya onyesho hawezi kusimama wima.

SindanoButu:

Sasa nguo zangu zikitoka kwa fundi zinang'aa kama za harusi. Nazizeeshaje? Mwenzangu alimwagia rangi nyeusi ya kupulizia, akaonekana kama katoka gereji.

Bizimu:

Hahaha rangi ya kupulizia hapana. Nguo inachakaa pale inapoguswa, basi fuata mwili. Kwanza fua mara kadhaa ili kiwanda kitoke. Shati jeupe liloweke kwenye chai nzito iliyopoa kiasi, koroga wakati wote ili isishike mabaka, suuza, weupe wa dukani unakufa unabaki ule wa mtu anayeishi baharini. Jaketi na kizibao chukua msasa, pitisha kwenye viwiko, ukingo wa mikono, mdomo wa mifuko na pindo la mbele ambako mkono unapita kufunga vifungo. Taratibu, unataka nyuzi zinyanyuke tu, hutaki tundu. Alafu hapa ndo utamu ulipo: lowesha jaketi zima, weka mawe mifukoni, kunja mikono kwenye viwiko uifunge kwa kamba, litundike likauke hivyohivyo. Likikauka mifuko imelegea, viwiko vina mikunjo ya kudumu, linakaa kama limevaliwa na mtu miaka. Mi nikiona jaketi la mtu mifuko yake imekaa bapa kama bahasha najua hajawahi kuweka hata kitambaa cha pua humo.

Kuhusu lami, ni kweli mabaharia walipaka turubai lami ili lisipitishe maji na walikuwa na madoa yake kila mahali. Usitumie lami yenyewe, inanuka, inashika viti na nguo za watazamaji wanaokuja kupiga picha. Rangi ya kitambaa ya kahawia iliyokolea, igusegusishe magotini na kwenye ukingo wa mikono ya nguo kwa kitambaa kikavu, inatosha.

Mlingoti:

Wakuu mi ndo mpanga mapigano wa kundi letu, naomba niongezee ya usalama maana naona hayajaguswa sana. Fanyeni mazoezi mkiwa mmevaa vazi kamili, sio fulana na raba, koti linabadilisha urefu wa mkono wako na ala ya upanga inampiga wa nyuma yako ukigeuka. Pete zote zivuliwe kabla ya upanga, kidole kikinaswa kwenye kinga ya mkono ni hospitali. Panga ziwe butu na ncha ya duara, na mkitembea katikati ya watu zifungwe kwenye ala kwa kamba, watoto wanapenda kuchomoa.

Na kuna jamaa kila mwaka anataka kuwa Blackbeard, yule haramia Edward Teach, anachomeka tambi za moto (zile kamba za kuwashia baruti) chini ya kofia. Kweli inasimuliwa Teach alifanya hivyo kabla hajauawa kisiwa cha Ocracoke, Marekani, tarehe 22 Novemba 1718. Lakini wewe una wigi na ndevu za bandia, hizo nyuzi zikishika moto zinayeyuka zinaganda usoni. Msokotee ndevu riboni, nazo zinasimuliwa hukohuko, mwonekano unapata na nyusi unabaki nazo.

Bizimu:

Mlingoti umemaliza. Na hilo la kuyeyuka ndo sababu nyingine ya sufu na kitani, cheche za baruti zikidondoka kwenye sufu inaungua polepole na kuzimika yenyewe, polista inakugandia kwenye ngozi.

Mama wa Ngalawa:

Na joto je mkuu, sufu juani si tutazimia? Alafu viatu hujasema.

Bizimu:

Joto: sufu nyepesi, kizibao kisiwe na bitana mgongoni. Wakati ule pia wengi walibana kitambaa cha mgongo wa kizibao kwa kuweka cha bei ya chini sababu koti lilikifunika, kwahiyo mgongo wa kitani ni halali kabisa. Jaketi livaliwe kuingia na kutoka, katikati ya onyesho baki na shati na kizibao, hata baharia halisi alifanya kazi hivyo. Kila mtu awe na shati zaidi ya moja, shati ndo linabeba jasho, sufu haifuliwi hovyo itasinyaa. Baada ya onyesho geuza jaketi na kizibao ndani nje, tundika penye hewa, pulizia kwapani spiriti iliyochanganywa na maji kidogo, harufu inakufa. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani kama rangi haitoki.

Viatu: vya ngozi nyeusi, kisigino kifupi, ulimi mrefu juu na mikanda miwili inayokutana kwenye bizimu. Enzi zile kiatu cha kushoto na cha kulia vilikuwa sawasawa, mguu wenyewe ndo ulivifundisha. Hapo historia naiweka pembeni, nunua vyenye kushoto na kulia, bandika soli ya mpira chini, jukwaa la mbao likilowa halina huruma. Ukikosa vyenye bizimu chukua kiatu cheusi cha kawaida cha kamba, ng'oa kamba, shonea ulimi wa ngozi na bizimu juu, toka mita tatu hakuna anayejua.

KofiaTatu:

Swali la mwisho toka kwangu, cherehani inaruhusiwa au mnataka tushone kwa mkono lote?

Bizimu:

Cherehani ya nyumbani ilianza kuenea miaka ya 1850, kwahiyo kwa haki ya kihistoria haipo. Ila una kundi la watu kumi na tamasha linakuja. Mishono ya ndani yote piga cherehani tena mara mbili, ule wa kwapani na wa makalioni hata mara tatu. Inayoonekana nje, yani matundu ya vifungo, pindo la mbele, ukingo wa kola, fanya kwa mkono. Matundu ya vifungo hasa, yale ya cherehani yenye zigizaga yanajulikana mbali. Ule mkataba wa 1706 mpaka rangi ya uzi wa matundu ya jaketi uliitaja, ya dhahabu, juu ya kijivu. Anza na hilo jaketi, vifungo 15, tundu moja moja jioni ukiwa unasikiliza redio.